Mahari: Kutoka Jembe Hadi Fedha

Katika madarasa ya itikadi na katika vikao vya vijana huzuka mara kwa mara swali moja ambalo, tukisema kweli, huwachangamsha wanafunzi kuliko swali la bei ya pamba katika soko la dunia. Swali lenyewe ni hili: je, mila za ndoa bado zina kazi yo yote katika jamii ya leo, au ni masalio ya zama zilizopita ambayo yangefaa kuachwa yafe?

Swali hili hujibiwa kwa namna mbili, na zote mbili hazituridhishi. Wako wanaojibu kwamba mila ni mila, wazee waliziweka, na taifa lisilo na mila ni taifa lililopotea. Wasemaji wa namna hii mara nyingi ni akina baba wenye binti aliyemaliza chuo, na mila wanayoitetea kwa ukali huishia kwenye tarakimu za shilingi. Wako wengine wanaojibu kwamba mahari ni ununuzi wa binadamu, mshenga ni kizingiti, na watu wawili waliopendana hawahitaji kitu zaidi ya cheti. Hawa nao, siku yao ikifika, tunawaona wakizungusha kadi za mchango mtaa mzima ili wapate ukumbi uliopambwa. Kila upande unaichukua mila kama jiwe lililokaa mahali pamoja tangu mwanzo wa dunia. Mmoja anataka lilindwe, mwingine anataka livunjwe. Historia yetu haioneshi hivyo hata kidogo.

Katika makala hii tutachukua mila moja tu, yaani mahari, kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine nyingi mgongoni. Tutaifuata ilikotoka, tuone ilifanya kazi gani, kwa faida ya nani, na ilibadilika lini. Baada ya hapo kada anaweza kulijibu swali la vijana bila kubahatisha.

Jembe na ng'ombe

Kabla ya kuja kwa wakoloni hakukuwa na mila moja ya ndoa katika nchi ambayo leo tunaiita Tanzania. Kusema kwamba "mila ya Kiafrika inataka hivi" ni kufunika tofauti kubwa. Kwa Waluguru, Wazaramo, Wakaguru, Wamakonde, Wayao na Wamwera, mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama. Haki za ukoo zilipita huko, na mjomba alikuwa na sauti ambayo mara nyingi ilizidi ya baba mzazi. Katika sehemu hizo mali ya kuolea ilikuwa kidogo. Kwa Wayao na Wamakonde kijana ndiye aliyehamia kwa wakweze. Alilima shamba la mama mkwe, alijenga nyumba, akapimwa kwa jasho lake. Ndoa ikivunjika, aliondoka yeye na watoto wakabaki.

Hali ilikuwa tofauti kwa Wasukuma, Wanyamwezi, Wahaya, Wakurya, Wanyakyusa na wengine ambao mtoto humfuata baba. Lakini hapo pia tuangalie vizuri. Unyamwezini na Usukumani zilikuwako ndoa za mahari na ndoa zisizo na mahari, na zote zilikuwa ndoa. Tofauti yake ilikuwa kwa watoto: mahari ikitolewa walikuwa wa baba, isipotolewa walihesabiwa upande wa mama mpaka baba awakomboe. Huko Ukurya ilikuwako, na bado iko, ndoa ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kuoa mke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Mtu anayeamini kwamba mahari ni bei ya mke anayolipa mume atapata taabu kuieleza ndoa hiyo.

Hapo ndipo ilipo maana ya mahari ya zamani. Haikuwa bei ya mwanamke. Ilikuwa mapatano kati ya nyumba mbili juu ya watoto watakaozaliwa, na katika uchumi wa jembe la mkono watoto ndio nguvu kazi ya kesho. Nyumba moja ilipoteza mlimaji na mzazi. Nyumba nyingine ilimpata. Kitu kilitolewa ili mizani isiinamie upande mmoja. Angalia kitu chenyewe kilichotolewa. Katika sehemu nyingi za magharibi na za Ziwa, na vile vile Ufipa, majembe ya chuma yalikuwa mahari. Jembe lilifuliwa na mafundi wa chuma, lilisafirishwa na wachuuzi, na lilipofika kwa baba wa msichana halikukaa kabatini; lilienda shambani, au lilingoja kijana wa nyumba ile naye aoe. Kwa wafugaji alikuwa ng'ombe. Ng'ombe aliyeingia kwa binti alitoka kwa mtoto wa kiume. Ng'ombe huyo huyo na ndama zake waliweza kuoza kaka, binamu na mpwa, na kila alipopita aliacha deni la heshima na msaada. Mahari ilizunguka. Tunaomba msomaji alishike neno hili, maana mambo mengi yaliyofuata yametokana na kuacha kwake kuzunguka.

Lakini tusijidanganye kwamba zilikuwa siku za usawa. Aliyeshika ng'ombe alishika ndoa, na aliyeshika ndoa alishika vijana. Kwa Wanyakyusa vijana wa rika moja walikaa katika vijiji vyao wenyewe, wakilima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, huku wakingoja mpaka baba atoe ng'ombe. Wengi walingoja miaka mingi, na wakati huo wazee walikuwa wanaoa mke wa pili na wa tatu. Mwanamke mwenyewe alizungumziwa zaidi kuliko alivyozungumza. Utii wa kijana kwa mzee, ambao leo unasifiwa sana katika hotuba za arusi, kwa sehemu kubwa ulikuwa utii wa asiye na ng'ombe kwa mwenye ng'ombe.

Wanafunzi wetu waliosoma kitabu cha Engels cha mwaka 1884 juu ya asili ya familia, mali ya binafsi na dola hupenda kuyapanga makabila haya katika ngazi: kwanza ukoo wa mama, halafu ukoo wa baba, halafu dola. Tunawashauri wasiharakishe. Waluguru na majirani zao wa ukoo wa baba waliishi katika zama moja, wakifanya biashara na kupigana vita vile vile. Jambo la kujifunza kwa Engels ni kuuliza familia inazalisha mali kwa namna gani na nani anaigawa. Ngazi yake tusiigeuze msahafu.

Mwambao ulikuwa na sura yake. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, siyo ya baba yake. Pamoja na mahari hiyo zilikuwako zawadi za wazazi na jamaa: kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama, na vingine vidogo vidogo vya makungwi na wafungua mlango. Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza arusi za pwani kwa utaratibu mzuri katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Lakini arusi za pwani zilikuwa na matabaka. Muungwana alioza binti yake kwa fahari. Mtumwa hakuweza kuoa bila ruhusa ya bwana wake, na mahari ya mjakazi ilikuwa ya bwana. Tuongeze jambo dogo juu ya Mtoro mwenyewe. Alipokuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata, alipotaka kurejea kwao pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni ilimzuia. Mkoloni alijua vizuri kwamba ndoa si jambo la faragha tu.

Sotoka, kodi na mshahara

Mambo matatu yaliivunja mizani ya zamani, na yalikuja yakifuatana kwa karibu.

La kwanza ni sotoka ya miaka ya 1890, iliyofagia ng'ombe katika Afrika Mashariki nzima. Kwa wafugaji ilikuwa kama benki zote kufungwa siku moja. Mahari ilishuka kwa lazima. Penye ng'ombe pakaingia mbuzi, majembe, au ahadi. Jambo hili peke yake lingetosha kumnyamazisha anayesema kwamba idadi ya ng'ombe wa mahari katika kabila lake haijabadilika tangu mababu. Imebadilika, tena mara nyingi, kushuka na kupanda.

La pili ni kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mwenye wake wengi alitozwa kwa kila nyumba. Ili kuipata rupia ilimpasa mtu auze zao au auze nguvu zake.

La tatu, ambalo ndilo kubwa kabisa, ni mshahara. Vijana wa Unyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, hasa katika miaka ya 1930, na wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya kusini. Wasukuma, Wanyamwezi, Waha na wengine walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, ili mkondo wa watu usikatike. Kijana aliyerudi na fedha hakuhitaji tena kumngoja baba. Alinunua ng'ombe mwenyewe, akaoa mapema kuliko baba yake alivyooa. Mtaalamu Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, aliyaeleza mabadiliko hayo kwa kirefu.

Kwa juu juu huo ulikuwa ukombozi wa kijana. Na kwa kweli kiini cha ukombozi kilikuwamo, hatutaki kukikana. Lakini wazee hawakukaa kimya. Walipoona vijana wana fedha walipandisha mahari, na kidogo kidogo walianza kuipokea kwa fedha. Huko Buhaya kahawa ilileta fedha katika kila kijiji, na mahari ikapanda pamoja na bei ya kahawa. Hapo ndipo mahari ilipoacha kuzunguka. Ng'ombe aliyeingia kwa binti hutoka kwa mtoto wa kiume. Noti iliyoingia kwa binti hutoka kwa kodi, kwa bati, kwa ada ya shule na kwa pombe. Noti haizai ndama. Na kwa vile haikai, mzee hana sababu ya kuipima kwa uwezo wa jirani yake. Anaipima kwa mahitaji yake. Kilichokuwa mapatano ya nyumba mbili kikaanza kufanana na bei, hata kama maneno ya washenga yalibaki yale yale ya zamani.

Aliyelipia mabadiliko haya hasa ni mwanamke, na jambo hili tutakaa nalo kidogo, kwa sababu ndilo linaloumiza mpaka leo. Katika mila nyingi za ukoo wa baba, ndoa ikivunjika mahari hurudishwa, yote au sehemu, kwa kutegemea kosa ni la nani na watoto ni wangapi. Ng'ombe alipokuwa zizini, kurudisha kuliwezekana: mzee alilalamika, akafungua zizi. Lakini fedha iliyokwisha kununua bati haiwezi kubanduliwa kwenye paa. Kwa hiyo binti anayepigwa, anayenyimwa chakula au anayefukuzwa usiku, akikimbilia kwao hukuta watu waliokwisha kula mahari yake. Baba anamhurumia, mama anamlilia, kaka ambaye ameoa kwa fedha ile ile anatazama chini. Kisha wote pamoja wanamwambia: vumilia, mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo. Haya si maneno ya mila ya kale. Ni maneno ya mdaiwa asiye na cha kulipa.

Wako waliokataa kuvumilia. Wanawake wa Kihaya waliokwenda Kampala na Nairobi kati ya vita viwili vya dunia wametukanwa sana katika hadithi za mitaani. Ni wachache waliojiuliza kwa nini walikwenda. Baadhi yao walirudi na fedha zao, wakarudisha mahari kwa mikono yao wenyewe na kununua ardhi. Kwa kuwa mfumo ule ulifunga kwa fedha, walijifungua kwa fedha.

Serikali ya kikoloni ilifanya nini? Iliandika. Mabaraza ya wenyeji yalijaa kesi za mahari, na mahakimu walitaka kanuni. Mwaka 1945 kilitoka kitabu cha Cory na Hartnoll juu ya sheria za mila za Wahaya, na mwaka 1953 Cory alitoa kingine juu ya Wasukuma. Ni kazi kubwa, nasi tunazitumia mpaka leo. Lakini mwulizaji alikaa na watemi na wazee, siyo na wake zao. Aliwauliza mila ni ipi katika wakati ambao fedha ilikwisha kuibadili mila hiyo. Majibu ya wakati mmoja, ya upande mmoja, yakaandikwa kama kanuni za milele. Baada ya Uhuru kazi hiyo iliendelezwa, na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililohusu makabila ya ukoo wa baba, likazikusanya kanuni hizo pamoja, zikiwamo za kurudisha mahari. Nia ilikuwa njema, kuleta umoja badala ya ukabila. Lakini tulirithi pia sauti ya wale wazee waliohojiwa.

Chama kilivyoingia ndani ya nyumba

Kuna makada wanaodhani kwamba mambo ya arusi ni ya akina mama na hayahusu siasa. Wakumbushwe mwaka 1955. TANU ilipokuwa changa na wasomi wengi wa serikali wakiogopa kuchukua kadi, Bibi Titi Mohamed aliwaendea wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vyao vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbishaji katika kikundi cha Bomba. Vikundi hivyo vilicheza katika arusi na sherehe, vilikuwa na viongozi, michango na nidhamu yake, na vilijua kupeleka habari nyumba hadi nyumba bila barua. Kadi za TANU zilipita njia hiyo. Kama akina mama wale wangekuwa wameiacha mila ya kukusanyika arusini kwa kuiona ya kishamba, tusingejua Chama kingewafikia kwa njia gani.

Tena, neno lenyewe lililochaguliwa mwaka 1962 kuieleza siasa yetu lilikuwa Ujamaa. Chama kilichochukua jina la itikadi yake kutoka katika jamaa hakiwezi kusema kwamba jamaa si kazi yake. Mwalimu Nyerere hakuipamba familia ya zamani. Alizaliwa katika mji wa wake wengi wa Chifu Burito wa Wazanaki, akafunga ndoa na Mama Maria mwaka 1953 kanisani; alizijua pande zote mbili. Katika Ujamaa Vijijini ya Septemba 1967 alitaja misingi ya maisha ya jamaa ya zamani, yaani kuheshimiana, kushirikiana mali na wajibu wa kufanya kazi. Lakini palepale alitaja kasoro mbili, na ya kwanza ni hali duni ya wanawake. Wengi tumeikariri misingi na kuzisahau kasoro.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo yake hadharani, na yalizua mabishano makali ndani na nje ya Bunge. Mwaka 1971 ikapitishwa Sheria ya Ndoa, kwa Tanzania Bara. Ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali ziliwekwa chini ya sheria moja. Jirani zetu wa Kenya, ambao tume yao ya miaka hiyo hiyo ilituachia mawazo mengi, walishindwa kuupitisha muswada wao mara kadhaa. Walipata sheria yao moja mwaka 2014. Sheria yetu ilisema ndoa ni hiari ya mume na mke. Ilisema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Ilimpa mke haki ya kumiliki mali sawasawa na mume, ikamzuia mwenzi mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Na juu ya jambo letu ilisema wazi: ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari au zawadi haikufuatwa.

Ilikuwa hatua kubwa, na hatusiti kuisifu. Hata hivyo sifa bila uchambuzi ni ushabiki. Sheria ile ile iliweka umri wa kuolewa kwa msichana kuwa miaka 15, huku wa mvulana ukiwa 18. Kwa kifungu hicho iliacha dirisha wazi, na fedha ya mahari ikapita humo. Mwaka wa ukame, nyumba isiyo na chakula lakini yenye binti wa miaka 15 ina kitu cha kugeuza fedha. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 31 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliingia katika ndoa kabla ya kutimiza miaka 18. Rebeca Gyumi aliyapeleka mahakamani masharti hayo. Mahakama Kuu ikakubaliana naye Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali Oktoba 2019. Kutoka 1971 mpaka 2019 ni miaka 48. Makada wangapi katika miaka hiyo waliligusa jambo hili katika mkutano wa tawi?

Na sheria haikuiua mahari. Kwa nini? Hapa wale wenzetu wa cheti wanapaswa kusikiliza. Cheti kinatoa ushahidi kwa dola. Hakimpi kijana shemeji wa kumwita usiku mtoto akiugua. Hakimpi bibi arusi shangazi wa kumwuliza mumewe kwa nini amebadilika. Mshenga aliyekwenda na kurudi mara tatu, wajomba waliokaa mkekani, mama aliyepokea mkaja wake, wote hao wamekuwa mashahidi wenye wajibu. Watu hawatoi mahari kwa sababu ni wajinga wa sheria. Wanatoa kwa sababu inafanya kazi ambayo ofisi haifanyi.

Kadi ya mchango

Tuseme kidogo juu ya sherehe, maana huko ndiko fedha ilikohamia. Arusi ya kijijini ilichangiwa: huyu alileta mtama wa pombe, yule kuni, wengine walitwanga na kupika. Mchango ulikuwa kazi na chakula, na ulirudi kwa sura ile ile siku ya mwingine. Ulikuwa ushirika kamili, wenye hesabu kali kuliko vyama vingine vya ushirika tulivyovisajili. Mjini mchango umekuwa fedha, na tangu huduma za fedha kwa simu zienee baada ya mwaka 2008 hakuna tena udhuru wa kutoonana. Kamati inakaa, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanachaguliwa, kumbukumbu zinaandikwa. Laiti matawi yetu yote yangekuwa na mahudhurio ya kamati ya arusi! Lakini tazama fedha inakokwenda. Haibaki kwa maarusi. Inakwenda kwa mwenye ukumbi, mpambaji, mpishi wa mkataba na mpiga picha. Jasho la jamaa mia mbili linatoka mikononi mwao usiku mmoja, na asubuhi maarusi wanaanza maisha katika chumba cha kupanga.

Na sisi viongozi tunachangia katika kosa hili. Mkuu wa kazi anapogawa kadi za arusi ya mwanawe kwa makarani walio chini yake, hiyo ni kodi, ijapokuwa imechapwa kwa maandishi ya dhahabu. Karani hawezi kukataa. Tunayasema haya tukijua kwamba baadhi ya watakaosoma makala hii wamo katika kamati hivi sasa.

Lakini hapo pia hatusemi michango ikome. Wajibu wa kuchangiana ni mali ya wanyonge, na usipoangaliwa tutaamka siku moja hatuna. Tunauliza kwa nini mchango usirudi kuwa kitu kinachobaki: mabati, cherehani, ng'ombe wa maziwa, kiwanja. Kwa mahari tunauliza vivyo hivyo. Sheria ya Kiislamu inamwachia mwanamke mahari yake. Hakuna kinachowazuia wazee wa Mara au wa Mbeya kupokea ng'ombe mbele ya mashahidi kwa heshima zote, kisha kuwaacha katika nyumba mpya kwa jina la binti yao. Nyumba mbili zitakuwa zimeungana, wajomba watakuwa wamekaa mkekani, na siku binti akirudi kwao hakuna atakayekuwa na deni la kumrudishia mumewe.

Hilo la kurudi ndilo kipimo. Chini ya sheria ya 1971 mgogoro wa ndoa hupitia kwanza katika Baraza la Usuluhishi kabla ya kufika mahakamani. Wengi wetu tumewahi kukaa katika mabaraza hayo, na tunajua swali ambalo wazee hulitanguliza: mahari ilikuwa kiasi gani, na nani atairudisha? Lakini mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliweka swali jingine. Iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa na ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata nyongeza, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe kufanyia biashara zilikuwa ndizo sehemu yake. Waliofaidika ni waliokuja baada yake. Yule mama anayesimama leo mbele ya Baraza la Kata, amefunga kanga kiunoni na mtoto mgongoni, amelima misimu kumi na miwili, amebeba matofali ya nyumba anayofukuzwa, na mahari yake ililiwa zamani. Mwenyekiti wa Baraza huenda ni kada wa Chama. Atamwuliza kwanza lipi kati ya maswali hayo mawili?